Mwongozo Kamili wa Kusafiri kwa Ndege Ndogo kati ya Unguja, Pemba na Mafia Bila Kukwama Njiani

Kila msimu wa Idi na kila mwisho wa mwaka hunifikia habari zilezile: mtu aliyelala Dar es Salaam bila kutarajia akiwa njiani kutoka Chake Chake, Pemba, kwenda Kilindoni, Mafia, mwingine aliyeachwa na ndege kwa sababu alipelekwa kwenye jengo lisilo lake, mwingine aliyelazimika kuliacha sanduku lake kaunta ili yeye mwenyewe aondoke. Hawa si watu wazembe. Walinunua tiketi mapema, wakawahi kuamka, na bado wakakwama, kwa sababu waliipanga safari ya visiwani kama inavyopangwa safari ya basi la Morogoro, ambapo likikupita moja unasubiri jingine.

Ndege ndogo za visiwani haziendi hivyo. Ndege moja huanza kazi asubuhi na kuzunguka kituo baada ya kituo mpaka jua linapokaribia kuzama, na jambo lolote linaloichelewesha kwenye kituo cha kwanza humfikia abiria anayeisubiri kwenye kituo cha mwisho. Ukiliweka hilo akilini tangu unapoanza kupanga, hatua zote zinazofuata zitakuwa na maana.

Mwongozo huu unahusu visiwa vitatu vikubwa vya pwani ya Tanzania, yaani Unguja, Pemba na Mafia, pamoja na viwanja vya bara vinavyoviunganisha, ambavyo ni Dar es Salaam na Tanga. Haugusi safari za kukodi ndege nzima, kwa sababu hizo zina taratibu zake.

## Unavyohitaji kabla ya kuanza

Andaa vitu hivi kwanza, na usiende kulipa tiketi kabla hujavipata vyote.

- Kitambulisho halali chenye picha: cha Taifa, cha Mzanzibari Mkaazi au pasipoti. Jina lililomo ndilo litakaloandikwa kwenye tiketi, herufi kwa herufi.
- Begi laini la nguo au la turubai, lisilo na fremu ngumu wala magurudumu.
- Mizani ndogo ya kuning'iniza mzigo. Ukikosa, mizani ya duka la nafaka la mtaani kwako inatosha.
- Simu yenye laini inayopatikana muda wote. Kampuni ikibadilisha saa ya kuruka, mara nyingi taarifa huja kwa simu au ujumbe, na asiyepatikana ndiye anayeachwa.
- Fedha ya akiba inayotosha usiku mmoja wa malazi na nauli ya boti.
- Siku moja ya ziada kila upande wa safari. Hiki ndicho kitu ambacho watu wengi hawakiandai, na ndicho kinachookoa safari nyingi kuliko vingine vyote.

## Hatua ya 1: Chora vipande vya safari yako kwenye karatasi

Usianze na tovuti wala wakala. Anza na karatasi. Andika unapotoka, unapokwenda, na kila kiwanja utakachogusa katikati.

Sababu ni kwamba ramani ya bahari na ramani ya ndege hazifanani. Kwenye ramani ya bahari, Pemba, Unguja na Mafia zimepangana kutoka kaskazini kwenda kusini kama shanga, na mtu hudhani kuna ndege inayoruka moja kwa moja kutoka Pemba hadi Mafia. Kwenye ramani ya ndege kuna vitovu viwili, yaani viwanja ambako njia nyingi hukutana: Dar es Salaam na Unguja. Pemba imefungamana zaidi na Unguja, ikiwa na njia ya pembeni ya kuvuka mkondo kwenda Tanga. Mafia imefungamana na Dar es Salaam. Kwa hiyo anayetoka Pemba kwenda Mafia ana vipande vitatu: Pemba hadi Unguja, Unguja hadi Dar es Salaam, kisha Dar es Salaam hadi Mafia.

Umbali wenyewe ni mdogo. Kutoka kiwanja cha Dar es Salaam hadi cha Unguja ni takribani kilomita 73, mwendo wa dakika 20 hivi angani. Unguja hadi Pemba ni kama kilomita 125, karibu nusu saa. Dar es Salaam hadi Mafia ni karibu umbali huohuo, dakika 30 hadi 40. Pemba hadi Tanga ni kilomita 80 na ushei, dakika 20 hivi. Ukijumlisha, mtu wa Pemba anayekwenda Mafia hukaa angani kwa muda usiofika saa mbili, na hapo ndipo anapodanganyika. Safari hiyo ni ya siku nzima, kwa kuwa muda mwingi huishia kwenye kusubiri kipande kinachofuata.

Umefaulu hatua hii ikiwa karatasi yako ina mistari miwili au mitatu, kila mmoja ukionyesha kiwanja cha kutoka na cha kufika, bila mstari unaoruka juu ya kitovu.

## Hatua ya 2: Andika alama ya herufi tatu ya kila kiwanja

Kila kiwanja kina alama ya herufi tatu inayotumika duniani kote. Unguja ni ZNZ, Pemba ni PMA, Mafia ni MFA, Dar es Salaam ni DAR na Tanga ni TGT. Ziandike pembeni ya vipande vyako.

Onyo la hatua hii ni kubwa, hasa kwa ndugu zetu wanaonunua tiketi wakiwa Muscat, London au Toronto. Kuna Pemba mbili. Ya pili ni mji wa Pemba uliopo Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na alama yake ni POL. Mitandao ya kimataifa ya kuuza tiketi hukuletea miji yote miwili unapoandika jina, na mara nyingine ya Msumbiji ndiyo hutangulia kwenye orodha. Mtu akishalipa tiketi ya kwenda POL, kurudishiwa fedha zake ni kazi ndefu, na mara nyingi hukatwa sehemu.

Alama hizi zina kazi nyingine siku ya safari. Lebo inayofungwa kwenye begi lako huandikwa alama hiyohiyo, na ndege moja inaweza kubeba mabegi ya Unguja na ya Pemba kwa pamoja. Asiyezijua hawezi kugundua kwamba begi lake limeandikiwa kisiwa kingine.

## Hatua ya 3: Pangilia muda wa kuunganisha vipande

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukulia ndege inayotoka Dar es Salaam asubuhi, ikagusa Unguja, ikaenda Pemba, ikarudi Unguja, kisha Dar es Salaam, halafu ikaenda Mafia na kurudi. Mvua ikinyesha Chake Chake saa tatu asubuhi na rubani akasubiri dakika 40 kabla ya kuruka, dakika hizo hazipotei. Zinabebwa hadi Unguja, hadi Dar es Salaam, hadi Mafia. Abiria aliyekaa Kilindoni chini ya anga safi saa tisa alasiri hawezi kuelewa kwa nini ndege yake haijafika, ilhali sababu ilitokea asubuhi kwenye kisiwa kingine kabisa.

Kutokana na hali hiyo, fuata kanuni hizi tatu.

Kwanza, chukua ndege ya asubuhi kadiri inavyowezekana, na ya kwanza kabisa ikipatikana. Ndege ya kwanza haijarithi ucheleweshaji wa mtu. Zaidi ya hayo, hewa ya asubuhi kwa kawaida huwa tulivu kuliko ya mchana, wakati joto la ardhi linapopandisha hewa juu na kuitikisa ndege ndogo kwa nguvu. Anayesafiri na mtoto au mzee anayesumbuliwa na kichefuchefu ataiona tofauti hiyo waziwazi.

Pili, kati ya kipande kimoja na kingine acha saa mbili kamili ikiwa tiketi zote ni za kampuni moja, na saa nne au zaidi ikiwa ni za kampuni tofauti. Tiketi ikiwa moja, kampuni inajua kuwa uko njiani na ina wajibu wa kukufikisha. Tiketi zikiwa mbili zilizonunuliwa mbalimbali, kampuni ya pili haikujui, na ukichelewa wewe ndiye uliyekosa ndege.

Tatu, usiunganishe ndege ndogo ya kisiwani na ndege ya kimataifa ndani ya siku moja. Lala Unguja au Dar es Salaam usiku unaotangulia. Najua gharama ya usiku mmoja ni mzigo kwa familia nyingi, lakini nimewahi kumsindikiza shangazi yangu aliyekuwa akienda kwenye matibabu nje ya nchi. Tuliona aibu kumwambia alipe malazi, tukampangia kutoka Pemba asubuhi na kuruka Dar es Salaam jioni. Ndege ya kisiwani ilichelewa, ile kubwa ikaondoka bila yeye, na tiketi mpya ikagharimu mara nyingi zaidi ya chumba. Tangu siku hiyo simpangii mtu yeyote safari ya namna ile.

Zingatia pia machweo. Pwani yetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo jioni kutegemea mwezi, na safari za ndege ndogo kwenda Pemba na Mafia hupangwa ndani ya mwanga wa mchana. Ndege ya mwisho ya alasiri ikichelewa mno, haisogezwi hadi usiku, inahamishiwa kesho. Ndiyo maana kipande cha mwisho cha siku ndicho chenye hatari kubwa kuliko vyote.

Umefaulu ikiwa unaweza kujibu swali hili bila kusita: "Kipande changu cha kwanza kikichelewa saa moja na nusu, je, bado nitafika?"

## Hatua ya 4: Nunua tiketi mahali sahihi

Makampuni ambayo yamekuwa yakiunganisha visiwa hivi kwa ndege ndogo ni pamoja na Auric Air na Coastal Aviation, na kwenye njia ya Dar es Salaam na Unguja kuna ndege kubwa zaidi za Precision Air na Air Tanzania. Ratiba hubadilika kwa msimu, na njia yenye abiria wachache hupunguzwa au kusimamishwa, kwa hiyo usitegemee ratiba uliyotumiwa na rafiki mwaka jana. Pata ratiba ya wiki unayosafiri kutoka kwa kampuni yenyewe.

Kabla ya kulipa, uliza maswali manne na uandike majibu:

1. Ndege hii inasimama wapi kabla ya kufika ninakokwenda?
2. Je, nauli imejumuisha tozo zote za kiwanja, au nitalipa nyingine pale?
3. Je, kuna idadi ya chini ya abiria ili ndege iende? Baadhi ya njia zina sharti hilo, na abiria wakipungua safari inaweza kuahirishwa.
4. Nikibadilisha tarehe, nitakatwa kiasi gani?

Ukinunua kwa wakala, lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, kama vile malipo ya simu kwenda namba ya biashara yenye jina la kampuni. Usitume fedha kwenye namba binafsi ya mtu kwa ahadi ya kukuletea tiketi baadaye. Baada ya kulipa, piga simu ofisi ya kampuni na uwatajie ile kumbukumbu ya herufi na tarakimu iliyo juu ya tiketi. Wakilisoma jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, tiketi ni halali. Wasipoiona, rudi kwa wakala siku hiyohiyo.

Nafasi hujaa mapema kuelekea Idi zote mbili, wiki ya Mapinduzi ya Januari 12, na mwisho wa mwaka. Ndege yenye viti kumi na viwili au kumi na vitatu inajazwa na familia mbili, kwa hiyo mwezi mmoja kabla si mapema mno.

## Hatua ya 5: Isome saa ya tiketi kwa makini

Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na sisi huzungumza saa za Kiswahili. Tofauti ni saa sita. Tiketi ikisema 07:00, hiyo ni saa moja asubuhi. Ikisema 13:00, ni saa saba mchana. Ikisema 16:30, ni saa kumi na nusu alasiri.

Makosa hutokea kwa simu. Karani anasema "saa moja", mpwa wako aliyekulia Ulaya anaandika 1:00, na ndege inaondoka yeye akiwa amelala. Au wakala anasema "ndege ya saba" akimaanisha 07:00 ya tiketi, na wewe unajiandaa kwa mchana. Dawa yake ni kuandika saa kwa namna zote mbili kwenye karatasi yako, kisha kumwomba karani aseme kama ni asubuhi, mchana au alasiri.

## Hatua ya 6: Pima mzigo nyumbani

Kiwango cha kawaida kwenye ndege hizi ni kilo 15 kwa abiria, mara nyingi pamoja na begi la mkononi. Wanaotoka ndege kubwa za kimataifa na masanduku ya kilo 23 au mawili ya namna hiyo hushtuka, na hudhani karani anatafuta fedha. Ni vyema kuijua sababu.

Ndege inayotumika sana ni Cessna Grand Caravan, yenye injini moja na pangaboi moja mbele. Uzito wake wote wakati wa kuruka, yaani chuma, mafuta, rubani, abiria na mizigo, hauruhusiwi kuzidi takribani tani nne. Ukishatoa uzito wa ndege yenyewe na mafuta, kinachobaki kugawanywa kwa abiria na mabegi ni kidogo. Tena si uzito tu. Mpangilio wake nao unahesabiwa, kwa sababu ndege iliyolemewa nyuma haiongozeki vizuri. Ndiyo maana unaweza kuombwa upande kwenye mizani wewe mwenyewe, au uhamie kiti cha mbele. Hakuna dharau ndani yake. Rubani anafanya hesabu inayowaweka hai.

Mizigo mingi huwekwa kwenye sanduku la chini ya tumbo la ndege, ambalo kimo chake ni kifupi. Begi laini hujikunja na kuingia. Sanduku gumu la magurudumu huzuia nafasi ya mabegi matatu na ndilo la kwanza kuachwa kwa ndege inayofuata.

Fuata mpangilio huu:

- Pima begi usiku wa kuamkia safari, si wiki moja kabla. Zawadi huongezeka siku ya mwisho.
- Weka dawa, kitambulisho, fedha na nguo ya kubadilisha kwenye mfuko unaobaki nao. Begi kubwa likichelewa siku moja, hutaumia.
- Betri za akiba za simu zikae nawe ndani, zisiingie kwenye mzigo wa chini, kwa sababu zikishika moto kule hakuna wa kuzizima.
- Samaki, pweza na vitu vyenye maji vifungwe kwenye chombo kisichovuja kabisa, na uulize kwanza kama vinakubaliwa. Maji ya chumvi yakimwagika hula chuma cha ndege polepole, na makampuni yana haki ya kukataa.
- Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Bara tangu Juni 1, 2019, na Zanzibar ilitangulia kuikataza. Tumia kikapu cha ukili au mfuko wa kitambaa.
- Usibebe magunia ya karafuu kutoka Pemba. Ununuzi wa karafuu uko mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na kuitoa nje ya utaratibu huo ni kosa. Halua, kwa upande wake, beba; funga vizuri mafuta yake yasipenye.

Ikiwa mzigo unazidi na huwezi kuupunguza, tuma sehemu yake kwa boti siku mbili kabla. Ni nafuu kuliko kulipia ziada, na hakuna atakayekushusha begi kwa sababu hewa ina joto na ndege imejaa.

## Hatua ya 7: Siku ya safari, nenda kwenye jengo lililo lako

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere una majengo matatu ya abiria, na hayakuungana. Jengo la Tatu, lililofunguliwa mwaka 2019, ndilo la safari za kimataifa. Jengo la Kwanza, ambalo ndilo la zamani, ndilo linalohudumia ndege nyingi ndogo. Mwambie dereva "Jengo la Kwanza" au "terminali ya zamani" kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu ukisema "eapoti" tu atakupeleka kule ambako watu wengi huenda. Ukishushwa pasipo pako utahitaji gari tena, na muda wa kuandikisha mzigo unaweza kuwa umefungwa. Makampuni huhamishwa majengo mara kwa mara, kwa hiyo thibitisha jengo kwa simu jioni inayotangulia.

Kutoka katikati ya jiji hadi uwanjani ni kama kilomita 12 kwa Barabara ya Nyerere. Alfajiri ni nusu saa. Mchana usiweke chini ya saa moja na nusu.

Kwa Unguja, Uwanja wa Abeid Amani Karume uko Kiembe Samaki, kilomita chache kusini mwa Mji Mkongwe. Anayeshuka boti Malindi na kuunganisha na ndege ya Pemba ajipe saa tatu tangu boti inapotia nanga. Pemba, kiwanja kiko nje kidogo ya Chake Chake. Anayetoka Wete au Mkoani ahesabu umbali wa kilomita 30 hivi na daladala inayojaza abiria kwanza. Mafia ni rahisi kuliko vyote, kwani kiwanja kipo Kilindoni penyewe, lakini wageni wanaofikia kijiji cha Utende wanapaswa kuagiza usafiri mapema.

Fika saa moja na nusu kabla ya muda wa kuruka. Ndege ndogo inaweza kuondoka kabla ya saa iliyoandikwa ikiwa abiria wote wameshafika, na wewe ukiwa unakunywa chai nje hutaitwa kwa kipaza sauti.

Wageni wasio raia wa Tanzania wanaoingia Zanzibar wanatakiwa, tangu Oktoba 1, 2024, kuwa na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, na kiwango kilichotangazwa kwa mtu mzima ni dola 44 za Marekani. Wanaotoka Kenya, Uganda na nchi nyingine za jirani waulize masharti yanayowahusu wao, na wabebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Umefaulu ikiwa una pasi ya kupandia, na lebo ya begi lako ina herufi tatu za kisiwa chako cha mwisho.

## Hatua ya 8: Kituo cha katikati

Ndege inayokwenda Pemba ikitokea Dar es Salaam inaweza kutua Unguja ili kushusha na kupakia watu. Usishuke kwa kuwa wengine wameshuka. Muulize rubani au mhudumu kwa sauti, "Anayekwenda Pemba abaki?" Na ukiambiwa ushuke kwa sababu mnabadilishiwa ndege, simama uone begi lako likihamishwa. Wahudumu wa njia hizi wamezoea swali hilo na hawachukii.

## Hatua ya 9: Ndege isiporuka

Fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kuanzia siku tatu kabla. Masika ya Machi hadi Mei ndiyo miezi ya kuahirishwa kwingi, na mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilitua Mafia kwenyewe, kikasimamisha usafiri wa majini na kuwaweka watu wa pwani ndani. Hapo ndege haiwezi kuwa mbadala wa boti, wala boti mbadala wa ndege. Kinachobaki ni siku ile ya ziada uliyoiweka mwanzoni.

Kwa mvua ya kawaida au hitilafu ya ndege, fanya haya kwa mpangilio. Baki karibu na kaunta. Usiondoke kwa hasira, kwa sababu viti vya ndege inayofuata hugawiwa walio mbele ya karani. Omba maelezo yaandikwe, au yatumwe kwa ujumbe, yakitaja saa mpya au tarehe mpya. Piga simu kwa kampuni ya kipande kinachofuata kabla muda wake haujafika, maana taarifa iliyotolewa mapema hupokelewa vizuri kuliko ya baada ya kukosa. Kisha angalia njia ya maji.

Dar es Salaam na Unguja zina boti za mwendo kasi zinazochukua kama saa mbili. Unguja na Pemba zina meli, ingawa haziondoki kila siku kwa saa zilezile. Kwa Mafia, njia ya maji ni kupanda basi Mbagala Rangi Tatu hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, kisha kivuko cha MV Kilindoni hadi kisiwani. Safari hiyo hula siku nzima na kivuko hakisubiri basi, kwa hiyo ukiamua kuifuata, lala karibu na Rangi Tatu na uondoke na gari la kwanza.

Hifadhi tiketi, pasi, risiti ya malazi na ujumbe wote uliotumiwa. Kampuni ikikataa kukurudishia nauli ya safari iliyoifuta yenyewe, peleka malalamiko kwa maandishi kwanza ofisini kwake, kisha, usipojibiwa, kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ukiambatisha nakala na si nyaraka halisi.